Friza haiui vijidudu: maswali na majibu kuhusu kuweka akiba ya chakula

Wagonjwa wanaokuja wakitapika na kuharisha nawauliza walikula nini tangu jana. Wengi wananijibu kabla sijamaliza: "Haiwezi kuwa ile nyama, ilikuwa kwenye friza." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno. Sina ugomvi na friza. Anayerudi nyumbani jioni amechoka, akakuta nyama iliyokwisha kukatwa, maharage yaliyokwisha kuiva na mboga zilizosafishwa, anapata mlo wa maana kwa nusu saa. Ninachotaka kikome ni imani kwamba baridi husafisha chakula.

Friza inafanya kazi gani hasa?

Inagandisha maji yaliyomo ndani ya chakula. Vijidudu vinahitaji maji na joto ili vizaliane, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vinakosa vyote viwili, hivyo vinasimama. Friji ya kawaida, ambayo inapaswa kuwa chini ya nyuzi 5, inavipunguza kasi tu.

Kwa hiyo inaviua?

Hapana. Inavilaza. Vichache hufa, vingi hubaki hai vikisubiri joto lirudi. Kuku akiingia na Salmonella, kijidudu kinachoharisha watu, atatoka na Salmonella.

Hata nikikiacha humo miezi sita?

Hata mwaka. Friza haiui vijidudu. Muda mrefu unaharibu ladha na kukausha nyama, na yale mabaka meupe unayoyaona juu yake ni ukavu tu, hayana madhara. Lakini chakula kilichoingia kichafu hakitakasiki kwa kukaa.

Asubuhi natoa nyama naiacha mezani iyeyuke, jioni napika. Kuna ubaya gani?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo naomba usome taratibu. Pande la nyama haliyeyuki lote kwa pamoja. Nje kunalainika mapema huku katikati bado ni jiwe. Wewe unagusa, unaona bado gumu, unaliacha saa nyingine tatu. Wakati huo sehemu ya nje imeshafika joto la chumba, na vijidudu vilivyokuwa vimelala vimeamka. Kati ya nyuzi 5 na 60 vinazaliana kwa fujo. Vikiwa katika hali inayovifaa, baadhi hujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: kijidudu kimoja kikijigawa hivyo kwa saa 7 kinazaa zaidi ya milioni 2. Nawe umeiacha nyama tangu asubuhi!

Yeyusha ndani ya friji, kwenye bakuli, rafu ya chini kabisa ili maji ya nyama yasidondokee vyakula vingine. Itoe usiku wa jana yake. Kuku mzima wa kilo 2 anataka siku nzima. Ukiwa na haraka, iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, izamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila dakika 30, kisha pika papo hapo. Maikrowevu nayo inafaa, ila ukitoa tu, sufuriani. Vipande vidogo na mboga havihitaji hata kuyeyushwa: vipike vikiwa na barafu yake, uviongezee muda motoni.

Tafadhali usiyeyushe mezani. Si juani, si kwenye maji ya moto, si juu ya jiko lililozimwa.

Iliyobaki baada ya kuyeyuka naweza kuirudisha?

Kama iliyeyukia ndani ya friji na bado ni baridi, unaweza, ingawa itapoteza utamu. Kama iliyeyukia mezani, usirudishe. Kila mara unapoitoa, kuiacha na kuirudisha, unaviamsha vijidudu, unavipa nafasi ya kuzaliana, kisha unavihifadhi vikiwa vingi kuliko mwanzo. Friza haiui vijidudu. Inatunza idadi uliyoiingiza. Iliyoyeyushwa kwenye maji baridi au maikrowevu ipike kwanza, ndipo uigandishe ikiwa imeiva.

Lakini nikichemsha sana si vitakufa vyote?

Chakula kikifika nyuzi 70 mpaka katikati, vijidudu vingi vinakufa, na ndivyo unavyopaswa kupika siku zote. Tatizo ni kwamba baadhi yake, vikishazaliana, vinaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haijali moto wako. Wali ni mfano mzuri. Una kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus ambacho mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Ukiuacha wali sufuriani usiku kucha, mbegu zinaamka na kutengeneza sumu. Kesho unaupasha moto mpaka unafuka, unakula, na baada ya saa chache unatapika. Kiporo hicho ukikigandisha, umegandisha na sumu yake.

Basi nipange vipi friza yangu?

Anza na mafungu madogo, ya kutosha mlo mmoja. Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko wote, maana aliyegandisha pande la kilo 3 ndiye analazimika kuliyeyusha lote mezani na kurudisha nusu. Kata nyama kabla ya kugandisha. Nyama ya kusaga ibonyeze iwe bapa ndani ya mfuko. Itaganda haraka na kuyeyuka haraka.

Maharage loweka, mwaga maji ya kulowekea, yachemshe kwa moto mkali yasipungue dakika 10, halafu endelea mpaka yaive. Msiruke hatua hiyo ya moto mkali: maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu yake yenyewe inayotapisha. Mboga zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, zipoze kwenye maji baridi, zichuje. Rojo la nyanya na vitunguu linakaa vizuri sana, ila acha nafasi juu ya chombo, kwa kuwa kimiminika kikiganda hutanuka.

Chakula kilichopikwa kitandaze kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe upesi, na kisizidi saa 2 nje. Usisubiri mpaka kulala. Andika tarehe. Nyama mbichi iwe chini, vilivyoiva juu.

Umeme ukikatika?

Usifungue mlango. Friza iliyojaa inatunza baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, mradi haifunguliwi kila mtu anapotaka kuchungulia. Umeme ukirudi, chakula chenye chembe za barafu au kilicho baridi kama cha kwenye friji kinaweza kugandishwa tena. Kilichopata joto kwa zaidi ya saa 2, tupa.

Kama huwa unasafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini ya kikombe, ujue kila kitu kiliyeyuka ukiwa mbali, kisha kikaganda upya.

Nikionja na kunusa si nitajua?

Hutajua. Vijidudu vinavyoozesha chakula hutoa harufu, lakini vinavyowafanya watu waugue mara nyingi havitoi harufu wala kubadili ladha. Usionje ili kupima.

Nimeshakula na tumbo limechafuka. Nisubiri liishe lenyewe?

Mengi huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, ila usisubiri bila kunywa. Tumia maji yenye chumvichumvi ya pakiti, au lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visiwe na mlima. Kunywa kidogo kidogo hata kama unatapika. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Usimpe mtoto dawa ya kufunga kuharisha.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona damu kwenye choo, homa kali, mkojo mchache au hakuna kabisa, macho yaliyobonyea, au mtoto analegea au anashindwa kunywa. Mjamzito na mzee wasingoje dalili zote hizo. Ukifika, usituambie tu kwamba chakula kilikuwa kwenye friza. Tuambie kilikaa nje saa ngapi.