Nyumba Inanukia, Je, Hewa Ni Safi? Maswali na Majibu

Spreyi ya kunukisha chumba huondoa harufu mbaya?
Mara nyingi huifunika tu. Panya aliyeoza nyuma ya kabati bado yupo palepale, ila pua imeghilibiwa.

Kinachonukia kinaweza kudhuru vipi?
Manukato ni kemikali zinazogeuka mvuke upesi. Chukua limonini, yenye harufu ya machungwa. Ikikutana na ozoni, gesi iliyopenya kutoka nje, huzaa gesi nyingine iitwayo formaldehaidi pamoja na chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Formaldehaidi huwasha macho na koo, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Usiogope mpulizo mmoja. Hofu yangu ni ile mashine ya ukutani inayotoa harufu usiku kucha katika chumba kidogo kilichofungwa.

Natumia mafuta asilia ya mimea. Hayo je?
Limonini hiyohiyo imo kwenye ganda la chungwa. Ozoni haiulizi imetoka mtini au kiwandani.

Na udi, ubani, mishumaa?
Hapo unaongeza moshi: chembechembe, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, na kemikali iitwayo benzini. Tazama mdomo wa gilasi ya mshumaa wenye utambi mrefu, utaona masizi meusi. Hayo ni yaliyonata, mengine umeyavuta. Ukikata utambi ukawa mfupi, masizi hupungua.

Nani ajihadhari zaidi?
Wenye pumu kwanza, maana manukato huweza kuamsha shambulio. Kisha watoto wachanga, wajawazito na wazee. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ina hatari yake ya pekee: mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, akivuta mvuke wake, chembe hizo zinaweza kupasuka. Nguo na blanketi zilizohifadhiwa nayo asivishwe wala kufunikwa kabla hazijafuliwa na kuanikwa.

Nikitaka nyumba isinuke?
Tafuta chanzo: ndoo ya taka, bomba la sinki, zulia lililolowa, ukungu ukutani. Fungua madirisha yanayoelekeana hewa ipite. Ukilazimika kupuliza, puliza kidogo, toka, acha dirisha wazi. Kifua kikianza kubana au kukohoa kukizidi, nenda penye hewa. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta. Hali isipotulia, wahi kituo cha afya.