Kebo haifiki mtaani kwako Mwanza: antena, dishi au intaneti?

Mwenye kebo akishakuambia waya wake haufiki kwako, iwe uko Kisesa, Usagara, juu kabisa ya mawe ya Igogo au ng'ambo ya maji Ukerewe, unabaki na njia tatu: king'amuzi cha antena, king'amuzi cha dishi, na intaneti. Watu wengi huanza dukani kwa kuuliza bei ya kifurushi. Mimi naomba uanze juu ya paa, kwa sababu Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na vilima hivyo havizuii kila aina ya mawimbi kwa namna moja.

Mawimbi ya antena husafiri karibu sambamba na ardhi kutoka kwenye mnara. Nyumba iliyo nyuma ya kilima, au bondeni kati ya majabali, hupata mawimbi yaliyogonga mwamba yakarudi. Kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa mwaka 2013, hali hiyo ingekupa picha yenye chenga na kivuli, lakini ungeangalia. Kwenye dijitali hakuna picha ya chenga: inakatika vipande vya miraba, inaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo maana jirani wa juu anaona vizuri na wewe wa chini huoni kitu, ingawa ving'amuzi vyenu ni vya aina moja.

Kama unataka kujaribu antena, azima kabla ya kununua. Tazama antena za majirani zinaelekea wapi na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama, kisha weka yako vivyo hivyo. Ikigoma, usikimbilie kuongeza mlingoti. Urefu wa wimbi lenyewe ni nusu mita hivi, kwa hiyo kusogeza antena sentimeta 30 kulia au kushoto mara nyingine huleta kilichokuwa hakipo. Kwa wa visiwani, jaribio la asubuhi halitoshi. Juu ya maji mengi mawimbi hupinda kadiri joto la hewa linavyobadilika, na picha iliyotulia saa nne asubuhi inaweza kuanza kuganda jioni. Jaribu saa mbili usiku, muda ambao utakuwa unaangalia taarifa ya habari.

Dishi ni habari nyingine kabisa. Hapa tuko karibu na ikweta, digrii 2.5 kusini, na setilaiti zote za televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta. Dishi la Mwanza linatazama juu sana. Setilaiti ya Azam TV iko juu ya longitudo ya digrii 7 mashariki. Ukiwa Mwanza unaielekea magharibi, ukisogea kidogo tu kaskazini, kwenye mwinuko wa digrii 60 hivi kutoka usawa wa ardhi. Ya DStv iko digrii 36 mashariki, na kwetu hiyo iko karibu utosini: mwinuko wa digrii 85, ikiegemea kaskazini mashariki. Kwa hiyo kilima kinachoua antena hakiligusi dishi. Kinacholizuia ni kitu cha karibu: mwembe, ukuta wa ghorofa la jirani, tangi la maji.

Kwa dishi la digrii 7, yaani la Azam TV, hesabu yake ni nyepesi. Kizuizi kinacholizidi dishi kimo kwa mita 10 upande wa magharibi kiwe mbali zaidi ya mita 6. Pungufu ya hapo, hamisha dishi. Na usipime mwembe wa leo tu, pima na matawi ya mwaka kesho. Kwa dishi la digrii 36 kosa ninaloliona likirudiwa ni kulifunga ukutani chini ya upenu. Linatazama mabati! Hilo lifungwe juu ya paa, au kwenye nguzo iliyo wazi uani.

Nguzo isimame wima, na hapo pimamaji ya fundi ni muhimu kuliko simu yenye programu ya kutafuta setilaiti. Nguzo ikiinama, vipimo vya mwinuko vilivyochorwa kwenye bano la dishi vinakuwa uongo, na kila ukizungusha kushoto au kulia unapanda au kushuka bila kujua. Dishi la sentimeta 60 lina mwanya, yaani upana wa anga linaouona, wa digrii 3 hivi. Ukikosea digrii moja na nusu, nusu ya nguvu imepotea. Siku ya jua hutaona tofauti. Siku ya mvua utaiona. Ukitumia dira, simama mbali na mabati.

Kuna jambo ambalo huwapoteza hata mafundi waliozoea mikoa mingine: kichwa cha dishi, yaani LNB, lazima kizungushwe kwenye kishikio chake. Kwa digrii 7, ukiwa Mwanza, mzunguko ni digrii 84 hivi, maana yake LNB inalala ubavu. Kwa digrii 36 ni kama digrii 51. Ukiiacha imesimama kama ilivyotoka kwenye boksi, king'amuzi kinaweza kuonyesha nguvu nyingi lakini ubora sifuri. Kwenye menyu kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Unaotafuta ni ubora. Nguvu hupanda hata dishi likitazama mawingu matupu.

Mvua ya ziwani ni nzito, na matone hunyonya mawimbi ya dishi dogo. Hakuna kampuni isiyokatika kwenye dhoruba. Unachoweza kufanya ni kuweka akiba: dishi la sentimeta 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60, na kwa anayeishi kando ya ziwa naona linalipa. Ila mwanya wake ni mwembamba zaidi, kwa hiyo boliti zikazwe hasa, kwani upepo wa ziwani utalisukuma. Picha ikikatika hata mvua imeisha, shuku konekta. Maji hushuka na waya hadi ndani. Tumia waya wa RG6, usizidi mita 30, uache ujikunje chini ya LNB ili tone lianguke hapo, na ufunge konekta kwa utepe wa mpira unaojishika. Solotepu ya kawaida jua litaimaliza.

Intaneti nitaisema kwa kifupi. Picha ya HD hula GB 3 hivi kwa saa, kwa hiyo mechi moja na uchambuzi wake ni GB 6. Kwa bando la simu hiyo ni ghali mno. Kama una intaneti isiyo na kikomo, ni njia nzuri kuliko zote.

Baada ya hayo ndipo uende dukani. Ligi Kuu ya Tanzania iko Azam TV, Ligi Kuu ya Uingereza iko DStv; uliza pia ni chaneli zipi za nyumbani, kama TBC1 na Star TV, zitabaki kifurushi kikiisha. Usinunue king'amuzi kilichotumika bila kuona kadi yake ikifanya kazi, maana cha kampuni moja hakifungui chaneli za nyingine.

Na picha ikikupotea dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, karibu na tarehe 21 Machi au 22 Septemba, ni jua limepita nyuma ya setilaiti. Kwa digrii 36 ni kama saa saba kasoro, kwa digrii 7 ni kama saa tisa kasoro. Itarudi yenyewe; usiguse boliti.