Nyuzi za kuinua uso: kabla hujalipia uliza ni uzi wa nini

Watu wengi hapa Mwanza, Kirumba mpaka Nyegezi, wanatuuliza kama hizi nyuzi za kuinua uso, zinazopitishwa chini ya ngozi kwa sindano, ni salama. Na sisi tunawauliza, nyuzi za nini? Hapo kimya, bei wanaijua, wanajua zimetoka Korea, basi.

Unaotumika sana ni PDO, yaani polidioksanoni. Hospitalini sio kitu kigeni, madaktari wanashonea uzi huo tangu miaka ya 1980, maji ya mwilini yanaukatakata taratibu na baada ya miezi 6 au 8 hivi unakuwa umeisha. Kuna PLLA inayotokana na asidi laktiki, yenyewe inakaa mwaka na zaidi, na PCL, yaani polikaprolaktoni, inaweza kufika miaka 2. Uzi ukiisha uso haudondoki siku hiyo hiyo, maana mwili unakuwa umeshajenga kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi, pale uzi ulipopita, ila tusidanganyane, kwa wengi matokeo yanafifia ndani ya mwaka mmoja hivi, na shavu lililolegea sana halinyanyuliwi na uzi wowote, hilo ni la upasuaji.

Afu angalia umbo lake. Uzi mlaini mtupu hauvuti kitu, unachochea ngozi tu, unaonyanyua ni wenye vimiiba au vikoni vya kushika nyama. Ukiuziwa mlaini kwa ahadi ya kuinua mashavu, umepigwa.

Mimi ninaouogopa ni usioyeyuka, wa polipropilini, aina ya plastiki. Ulivuma sana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kama wavu wa nailoni uliokatikia ziwani, mvuvi kashausahau lakini wenyewe bado upo chini unanasa, na huo uzi hivyo hivyo, unaweza ukajitokeza kwenye ngozi au ukaleta vinundu miaka mingi baadae na kuutoa ni kazi kwelikweli kwa sababu nyama imeshaushika. Za dhahabu nazo zipo, haziyeyuki, ukipiga eksirei ya meno zinaonekana humo.

Wenye keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, semeni mapema jamani, kila tundu la sindano ni kidonda, na hilo fundi wa saluni hatakuuliza. Kwanza hii kazi ni ya daktari, usoni kuna mishipa ya fahamu na ya damu.

Pakiti ifunguliwe mbele yako, soma jina la uzi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, piga picha ubaki nayo. Kuvimba kidogo, kuvilia damu na vishimo vya siku chache ni kawaida, havina shida. Ila ukiona usaha, homa, au mdomo umeenda upande usikande na maji ya moto wala usivute ncha ya uzi, nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure siku hiyo hiyo na uwaonyeshe ile picha ya pakiti.