Nenosiri halionekani, lakini linaandikika

Umemaliza kusakinisha Ubuntu Server, mfumo wa Linux wa kuendeshea seva, kompyuta imejiwasha upya, kioo ni cheusi na kimeandika "login:". Unaandika jina lako, linaonekana vizuri. Ukifika "Password:" unabonyeza na huoni kitu: si herufi, si nyota, hata kimstari hakisogei. Wengi hapo husema kibodi imekufa, wakaanza kusakinisha upya. Jamani, msijitese hivyo! Kibodi ni nzima. Linux, kama Unix iliyoitangulia, huficha nenosiri lote ili aliye nyuma yako asijue hata urefu wake. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Wengine huhangaika kutafuta nenosiri la "root", akaunti ya msimamizi mkuu. Halipo. Ubuntu huifunga akaunti hiyo tangu mwanzo. Unaingia kwa jina ulilolichagua wakati wa kusakinisha, na amri za msimamizi unazitanguliza kwa neno sudo.

Nenosiri lako likikataa kabisa, kagua Caps Lock, kisha mpangilio wa kibodi. Ukiwa umechagua wa Kifaransa kwa bahati mbaya, ukibonyeza A inatoka Q. Jaribu herufi chache kwenye nafasi ya jina, ambako zinaonekana, halafu zifute.