Msimfiche bibi mwenye mkanda wa jeshi

Wiki iliyopita nimeletewa bibi wa miaka 71. Ameishika khanga kwa vidole viwili, kaivuta mbali na ubavu isimguse, akaja hivyo hivyo mpaka kwenye kiti, na kabla sijauliza kitu akaniambia kwa sauti ya chini, "mwanangu, mimi sina ugonjwa huo." Sikuwa nimetaja ugonjwa wowote. Malengelenge yalikuwa na siku tisa, na siku zote tisa bibi yuko chumba cha uani, watoto wamekubaliana majirani wasimwone kwasababu mtaani mkanda wa jeshi una maana moja tu.

Hii ndo inayoniumiza kuliko zote: "mzee akitoka mkanda wa jeshi basi ana ukimwi." Nimeisikia kwa watoto, kwa wakwe, mpaka kwa watu wa afya wenzangu ambao walitakiwa kujua. Najua ilikotoka. Miaka ya 80 na 90 vijana wa miaka 25, 30 walikuwa wanakuja na mkanda, wakipimwa wengi wanakutwa na VVU, na uhusiano huo ni wa kweli, hata leo kijana akitoka mkanda namwambia apime siku hiyo hiyo. Wazee nao nawapima, kipimo ni dakika chache na hakina aibu. Lakini mtu wa miaka 70 sababu kubwa ni hiyo 70 yenyewe.

Wengi wetu tuliugua tetekuwanga utotoni. Ulipona, vipele vikakauka, ila kirusi hakikuondoka, kilipanda kwenye mishipa ya fahamu kikajificha kwenye vifundo vya mishipa hiyo kando ya uti wa mgongo na kinaweza kulala humo miaka 50, 60. Kinachokizuia kisiamke ni kinga ya mwili, na kinga hiyo dhidi ya kirusi hiki inashuka kadiri umri unavyoenda, kuanzia 50 hivi unaanza kuona tofauti, na kama kuna sukari, saratani, au mtu anameza dawa za kushusha kinga inashuka zaidi. Basi kinaamka, kinashuka na mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, ndo unaona ule mstari. Daktari mmoja wa kawaida tu huko Uingereza, Edgar Hope-Simpson wa mji mdogo wa Cirencester, aliliandika hili 1965 baada ya kufuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka, na akaonyesha kwamba wazee ndio wanaotoka mkanda zaidi. Ukimwi umekuja kutambulika 1981. Sasa wale wazee wa Cirencester nao tuseme walikuwa na nini?

Nalisema kwa uchungu kwasababu kuficha kunakula masaa. Dawa yake, asiklovia, inazuia kirusi kuzaliana, kwahiyo inatakiwa ianze ndani ya masaa 72 tangu vipele vya kwanza, hapo ndo inasaidia kweli. Ukichelewa usikate tamaa, kama malengelenge mapya bado yanatoka au mkanda uko usoni tunaanza tu, lakini siku ya tisa vimeshakauka, kilichobaki ni kupambana na maumivu. Alafu kuna hili la famasi, mtu anapewa vidonge vya miligramu 200 ameze kimoja kutwa mara tatu, au anapewa krimu ya kupaka arudi nyumbani. Krimu haifiki kwenye mshipa. Dozi ya mkanda kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, mzee mwenye shida ya figo inapunguzwa, ndo maana nataka aonwe na daktari asijinunulie.

Na msisubiri vipele ndo mshtuke. Maumivu yanaweza kutangulia siku moja mpaka tano, kuungua, kuchoma, kama umeme upande mmoja wa mwili, watu wanasema kichomi, wanasema moyo, wanasema ini. Maumivu ya kifua kwa mzee mpelekeni aangaliwe moyo, hilo halina mjadala, ila mvueni nguo kila siku muangalie ngozi ya upande huo, mgongoni pia, maana mwenyewe hapaoni.

"Mkanda ukizunguka ukakutana anakufa." Hapana jamani. Mishipa ya kushoto na ya kulia ni tofauti, kila mmoja unaishia katikati ya mwili, ndo maana vipele vinakata pale pale kwenye mstari wa kitovu na wa uti wa mgongo. Kama vimesambaa mwili mzima, hapo kinga imeshuka sana, njooni haraka. Kuzunguka sio kwa kuogopwa, cha kuogopwa ni mkanda wa usoni. Ukiona kipele kwenye ncha ya pua wahi kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, mshipa unaokwenda pale unakwenda na jichoni. Vipele sikioni na uso umepinda, nako wahi hospitali siku hiyo hiyo.

"Ni mkojo wa mdudu." Hakuna mdudu. Nairobi fly anaunguza ngozi kweli, lakini hakutangulizii maumivu ya siku tatu ndani ya mbavu. Na dawa ya meno, majivu, maji ya betri, acheni kabisa, nikishamaliza kusafisha hivyo vitu ngozi ya mzee inakuwa imetoka nayo. Maji safi na sabuni laini, kitambaa kisafi kisichobana, inatosha.

"Anaambukiza mkanda." Mkanda hauambukizwi. Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwahiyo funikeni vipele, na mjamzito na kichanga wasivishike mpaka vikauke. Bibi hahitaji kufungiwa uani.

"Vimekauka, amepona." Huyu bibi wangu vyake vimekauka na bado khanga haiwezi kumgusa. Kirusi kimeujeruhi mshipa wenyewe, na mshipa uliojeruhiwa unaendelea kupiga kelele hata ngozi ikiwa safi, kwa wazee hii inaweza kwenda miezi, wengine miaka, na kadiri umri ulivyo mkubwa ndivyo inavyotokea zaidi. Watoto wanasema mama anadeka. Hadeki. Panadol haitoshi hapo, kuna dawa za mishipa, gabapentini, au amitriptilini kidogo usiku, na hii ya pili mtu akigugo anakuta ni dawa ya sonona anaitupa, anasema daktari kaniona nimechanganyikiwa. Tunaitumia kwasababu inatuliza mshipa. Ila kwa mzee tunaanza na dozi ndogo sana maana inaleta kizunguzungu, asiamke usiku peke yake.

Mwenye wazazi Marekani au Uingereza, ulizeni chanjo ya mkanda inayoitwa Shingrix, ni sindano mbili, Marekani imeruhusiwa tangu 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea.

Nimalizie na moja ambayo haitokei sana lakini inaua. "Mzee amechanganyikiwa, ni uzee." Uzee unakuja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa anakutajia bei ya mchele Jumatatu, Jumatano hamjui mwanae, ana homa, kichwa kinamuuma, anaongea maneno yasiyoeleweka au kapata degedege, huyo ubongo unaweza kuwa umevamiwa. Ndugu wa kirusi hiki hiki, herpesi simpleksi, anaingia kwenye ubongo, na bila dawa karibu watu 7 kati ya 10 wanakufa. Dawa ni asiklovia ile ile ila ya mshipani, kila masaa nane, wiki mbili mpaka tatu. Kipimo cha malaria kikisema chanya watibiwe malaria lakini msiishie hapo, na msianzie kwenye maombezi mkaja hospitali siku ya tano.

Daktari akisema tutoe maji ya mgongo tuyapime, naomba msikimbie. Kila wiki naambiwa "huyo atapooza, yule wa jirani yetu alitolewa akafa." Yule wa jirani alikufa na ugonjwa uliofanya atolewe maji. Uti wa fahamu wa mtu mzima unaishia juu ya kiuno, sindano inaingia chini yake, mahali ambapo yapo maji na nyuzi za mishipa zinazoelea. Mgongo unaweza kuuma na kichwa kikagonga siku kadhaa, basi.

Na mkifika mapokezi msiseme "mzee wetu kazeeka." Semeni hivi, kwa nesi wa kwanza mtakayemkuta: "Juzi hakuwa hivi."