Kusawazisha Pua ya Land Cruiser: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Magari mengi ya SUV hutoka kiwandani yakiwa yameinamisha pua kidogo, na wapo wamiliki ambao hawatulii mpaka mbele palingane na nyuma. Nitachukua mfano wa Toyota Land Cruiser 100, lililoanza kuuzwa mwaka 1998 na ambalo bado tunaliona barabarani kwa jina la VX. Ukiacha toleo la 105, lenye ekseli nzima mbele, gari hili limebebwa mbele na toshenibaa, yaani fito ndefu za chuma zinazobeba uzito kwa kusokotwa, na kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha bolti moja kila upande. Urahisi huo wa spana ndio uliozaa dhana nyingi potofu.

Dhana ya kwanza ni kwamba mwinamo wenyewe ni dalili ya ubovu. Ukweli ni kwamba watengenezaji huuacha kwa makusudi, kwa sababu gari la aina hii linatarajiwa kubeba abiria na mizigo nyuma, na pengine kuvuta trela. Likisawazishwa sawasawa likiwa tupu, siku litakapopakiwa mkia utashuka na pua itaelekea juu. Kwa hiyo kimo kinapaswa kuamuliwa gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, si likiwa limeoshwa na kuegeshwa tupu mbele ya nyumba.

Ubovu wa kweli upo, lakini hutambuliwa kwa kipimo. Wengi hupima kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi, wakasahau kwamba upepo wa tairi, kuchakaa kwake na mteremko wa sakafu vyote vimeingia humo. Kipimo kinachofaa huanzia katikati ya gurudumu na kupanda wima hadi ukingo wa madigadi, kwa pande zote nne. Kwa gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa, madigadi yenyewe si shahidi wa kuaminika, hivyo fundi makini hulinganisha kitovu cha gurudumu na bolti ya mkono wa chini wa sasipensheni.

Sasa tuje kwenye dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba kukaza bolti ya toshenibaa kunaifanya iwe ngumu zaidi. Si kweli. Ugumu wa fito hutokana na unene wake, urefu wake na aina ya chuma, na bolti haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachobadilika ni mahali fito inapoanzia kusokotwa, na matokeo yake gari husimama juu zaidi huku fito ikibeba uzito uleule. Dereva anayesema gari limekuwa gumu baada ya kukaza haongopi, ila sababu anayoitaja siyo. Gurudumu lina safari yenye mipaka, sehemu ya kupanda na sehemu ya kushuka. Ukiinua pua milimita 40 umeongeza safari ya kupanda na kupunguza milimita zilezile 40 katika safari ya kushuka. Gurudumu likitumbukia shimoni linafika mwisho mapema, mkono wa sasipensheni unagota kwenye mpira wake wa kikomo, na mgoto huo ndio unaosikika ndani ya gari kama ugumu.

Ndiyo maana aliyefunga bampa la chuma na winchi hawezi kumaliza tatizo lake kwa spana. Anahitaji fito nene zaidi, na tofauti ya unene inayotakiwa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwani ugumu hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Fito iliyozidi kwa asilimia 10 tu huwa ngumu zaidi kwa takribani asilimia 46.

Utaratibu wa kurekebisha nao una kasoro zake mitaani. Bolti haikazwi gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote, maana hesi zake huharibika. Pua huinuliwa kwa jeki, chasisi ikaegeshwa kwenye stendi, magurudumu yakaning'inia, ndipo bolti izungushwe. Baada ya kushusha, gari lisukumwe mbele na nyuma mita chache ili matairi yaliyokuwa yamebanwa na msuguano wa sakafu yakae mahali pake. Anayepima dakika ileile ya kutoa jeki anapima uongo, kisha hukaza na kulegeza bila kikomo.

Kwa VX zenye kimo kinachodhibitiwa kwa mafuta ya haidroliki na swichi, dhana ya kukaza ili kuinua haina msingi kabisa. Humo mfumo husoma vihisio vya kimo na kurudisha gari palepale. Ukikaza toshenibaa unahamisha tu mzigo kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye fito, na presha ya mafuta inashuka. Kimo hurekebishwa kwenye vihisio, na presha hupimwa kwa mashine.

Wenye Prado 120 na 150, ambazo mbele zina springi za koili badala ya toshenibaa, huuziwa spesa, yaani kipande cha kuongeza kimo kinachowekwa juu ya shokapu. Wengi huamini spesa ya milimita 25 itainua gari milimita 25. Springi na shokapu zimekaa karibu na katikati ya mkono, si kwenye gurudumu, hivyo spesa ya juu ya shokapu huinua pua kwa karibu mara mbili ya unene wake. Vilevile haiongezi ugumu wa springi. Kinachoongezeka ni pembe ya draivshafti, yaani fito inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, na buti za mpira zinazofunika viungo vyake huchanika kabla ya wakati wake.

Wapo pia wanaosema pua ikiinuliwa difu zote, yaani giaboksi zinazogawa nguvu kwa magurudumu, zinapanda. Ya mbele ndiyo, kwa kuwa imefungwa kwenye chasisi. Ya nyuma ipo ndani ya ekseli na haipandi hata milimita moja mpaka ubadilishe matairi.

Gari likiegemea upande mmoja, usikimbilie bolti. Angalia kwanza springi za nyuma, kwa sababu unyonge wa kona moja ya nyuma huinamisha pia kona ya mbele ya upande huohuo.

Mwisho ni dhana kwamba mabadiliko madogo hayahitaji alaimenti. Kila kimo kinapobadilika, matairi hubadili uelekeo na mlalo wake, na pua ikipanda, mwegemeo wa mhimili wa usukani hupungua, kiasi kwamba usukani hausiti kurandaranda katika mwendo wa barabara kuu na haurudi katikati wenyewe. Bolti za bushi zilizolegezwa wakati wa kazi nazo zikazwe gari likiwa chini, kwenye kimo chake kipya, vinginevyo mpira utakaa umesokotwa muda wote na kupasuka. Kisha taa za mbele zielekezwe upya ukutani usiku, gari likiwa na mzigo wake, kwa kuwa mwanga uliopanda pamoja na pua huwapofusha madereva wanaokuja.