Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi mjini ukiwa kwenye kiti mwendo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi ninaowahudumia hufika Dar es Salaam kwa ndege kutoka mikoani, wakielekea Muhimbili au kwa ndugu watakaokaa nao wakati wa matibabu. Maswali yao huwa ni ya ndege. Nawaelewa, ila ndege ina utaratibu wake. Kinachonitia wasiwasi ni zile hatua chache kutoka mlango wa jengo la abiria hadi kiti cha gari. Hapo ndipo bega linateguka na ngozi ya makalio inachubuka.

Ya ndege nitayapitia haraka. Omba msaada saa 48 kabla ya safari, na utaje hali yako kwa herufi ambazo mashirika ya ndege yanazitumia: WCHR kama ngazi unazimudu ila umbali unakushinda, WCHS kama ngazi huziwezi, WCHC kama unahitaji kusaidiwa mpaka kwenye siti. Ukisema tu "naomba kiti mwendo" unaweza kuandikiwa ile ya kwanza, halafu ukajikuta mbele ya ngazi za ndege ndogo ya pangaboi huna wa kukushusha. Omba pia kiti chako mwenyewe ukipate mlangoni pa ndege, si kwenye mkanda wa mizigo, na useme mapema kwamba unataka kusukumwa hadi kwenye gari. Anayekupokea mwambie ni jengo gani: Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, limejitenga na Jengo la Pili, na kutoka moja hadi jingine si mwendo wa kusukumana juani.

Sasa gari. Hadi Posta, katikati ya jiji, ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Ukiita teksi, kwa simu au pale pale nje, swali la kwanza kwa dereva liwe hili: "Kaka, gari lako linatumia gesi?" Magari mengi ya abiria Dar yamefungwa mfumo wa gesi asilia, na mtungi umekaa ndani ya buti. Kwenye gari dogo kama IST lenye mtungi, kiti mwendo hata ukikikunja hakiingii nyuma. Kitaishia siti ya abiria, na anayekusindikiza atakosa pa kukaa. Swali la pili ni urefu wa siti. Kama unahama kutoka kiti mwendo kwenda siti ya gari kwa kuteleza juu ya ubao, siti ya gari iwe sawa na kiti chako au chini yake kidogo. Noah ina nafasi nzuri, lakini kwako itakuwa kupanda mlima. Kwa aliyebadilishwa nyonga mambo yanageuka: gari la chini linamlazimisha kukunja nyonga kupita kiasi, kwa hiyo yeye siti ya juu inamfaa zaidi.

Kuhama kwenyewe kunataka utulivu. Dereva asimame mbali na ukingo wa barabara, magurudumu ya gari na ya kiti yawe kwenye usawa mmoja. Siti ya mbele isukumwe nyuma hadi mwisho na egemeo lilazwe kidogo. Kiti mwendo kisogee kwa mshazari, breki zote mbili zifungwe, pa kukanyagia na mkono wa upande wa gari vitolewe. Makalio yaingie kwanza, kichwa kikiwa kimeinamishwa, kisha miguu mmoja mmoja.

Madereva wetu wana moyo wa kusaidia, na wakiona mzee anahangaika watamkamata kwapani wamnyanyue. Wazuie kwa upole. Kwa aliyepata kiharusi, misuli inayoshikilia bega upande uliopooza imelegea, na kuvutwa mara moja kunaweza kulitoa bega mahali pake. Mwambie: "Kaka, mkono wangu usiuguse, nishike kiunoni." Aliyevaa mkanda mpana kiunoni anamrahisishia msaidizi, kwa sababu kuna pa kushika. Na dereva mwambie kabla hajaondoka alipo kwamba kupanda kutachukua muda, mkubaliane na malipo ya kusubiri.

Mto wa kiti mwendo usiende kwenye buti. Ukalie. Foleni ya Tazara au Buguruni jioni inaweza kukuweka zaidi ya saa nzima, na asiye na hisia kiunoni kushuka chini hatajua kwamba ngozi inaumia. Kila baada ya dakika 15 hadi 30, jiinue kwa mikono au egemea upande mmoja kisha mwingine.

Kuhusu bajaji, wapo wanaoipenda kwa sababu sakafu yake iko chini na dereva anafunga kiti kwa kamba nyuma. Kwa safari fupi ya mtaani na kwa mtu anayejimudu kiwiliwili, sina ubishi. Kutoka uwanja wa ndege siishauri kwa asiyeweza kujishikilia, maana pembeni pako wazi na mkanda hakuna. Mwendokasi ungekuwa jibu bora kuliko yote: tangu 2016, pale Kimara hadi Kivukoni, sakafu ya basi iko usawa wa jukwaa, na kiti kinaingia bila kubebwa ilimradi dereva asogee karibu. Njia ya Gongo la Mboto inapita Barabara hiyo hiyo ya Nyerere. Ninachotaka wahusika wakitazame ni kipande cha kutoka milango ya majengo ya abiria hadi kituoni: lami laini, mteremko usio mkali, na kivuko ambacho mtu atakipita peke yake na begi mapajani.